Mikono ya Fundi Saa wa Igogo

Nilianza kupenda saa za mkono kwa sababu ya kazi. Mimi ni muuguzi, na muuguzi anahitaji mshale wa sekunde. Unamshika mgonjwa kwenye kifundo cha mkono, unanyamaza, macho kwenye saa, unahesabu mapigo. Saa za betri nilizokuwa nikinunua barabarani zilikuwa hazimalizi msimu mmoja wa mvua. Shangazi yangu, aliyekuwa mkunga kwenye zahanati ya misheni huko Mara, aliponiona nahesabu kwa simu alinuna. Siku hiyohiyo alivua saa yake akanipa.

Ilikuwa saa ndogo ya duara, ya kutia ufunguo, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Chini ya namba sita pameandikwa, kwa herufi ndogo mno, kwamba imetengenezwa Uswisi.

"Itie ufunguo asubuhi kabla hujanywa chai," alisema. "Ikikaza, acha. Usilazimishe."

Alikuwa ameivaa tangu akiwa msichana wa chuo. Alifariki mwaka uliofuata, na miezi michache baada ya msiba saa ikaanza kuchelewa. Kwanza dakika mbili kwa siku, baadaye kumi. Mwenzangu wa wodini akanielekeza kwa fundi mmoja wa Igogo, hapa Mwanza.

Banda lake lilikuwa la mbao, upana wake kama mlango, limebanwa kati ya duka la nyavu na mama mmoja fundi cherehani. Fundi alikuwa Mkerewe, mwembamba, umri wa miaka sitini na kitu, shati limepigwa pasi hadi mikono. Hakuniuliza saa ina tatizo gani. Alifungua mfuniko wa nyuma, akaiweka saa juu ya kitambaa cheupe, akanipa lenzi yake.

"Angalia, nesi."

Alijua mimi ni nesi kwa sababu nilikuwa bado na viatu vya kazini. Nikainama. Nilikuwa nimeivaa saa ile zaidi ya mwaka mzima, sikuwa najua ndani yake kuna nini. Niliona gurudumu la rangi ya dhahabu likicheza huku na huku, haraka, na katikati yake kamani, springi nyembamba kuliko unywele, ikijikunja na kujikunjua kama kitu kinachopumua. Vijiwe vyekundu vilikuwa vimepandwa hapa na pale kwenye chuma.

"Hayo mawe ndiyo yanabeba ekseli za magurudumu," alisema. "Chuma kikisugua chuma kinaisha. Kikizunguka ndani ya jiwe kinadumu. Yahesabu."

Siku hiyo niliyaona machache tu, naye akaniambia jumla ni kumi na saba, mengine yamejificha chini. Kisha akageuza ule mfuniko, akanionyesha mikwaruzo midogo iliyochorwa kwa sindano upande wa ndani. Kila fundi aliyewahi kuifungua saa ile alikuwa ameacha alama yake. Zilikuwa nne. Yeye akachora ya tano.

Nikawa mtu wa saa tangu hapo. Wenzangu walinunua viwanja Igoma, mimi nikanunua saa za zamani za Uswisi, nzima na mbovu. Nilizipata kwa wauza vitu mchanganyiko, waliokuwa wakizimwaga chini pamoja na rimoti za televisheni na funguo zisizo na kufuli. Nyingine nilizipata kwa walimu wastaafu na kwa familia zilizomaliza arobaini na sasa zinagawana vitu vya marehemu. Kuna mzee mmoja wa Nyegezi, aliyewahi kuwa mpima uzito kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, aliniuzia saa yake inayojijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Kesho yake alikuja hospitali kunitafuta. Nilidhani anataka kuirudisha. Akasema hapana, anaomba tu aisikilize kidogo. Aliiweka sikioni pale kwenye benchi la wagonjwa wa nje, akairudisha, akaondoka. Sikumwona tena.

Kila nilichonunua nilimpelekea fundi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba uso wa saa unaweza kudanganya na mashine haiwezi. Alikuwa akifungua saa yenye jina kubwa usoni, anachungulia, anaguna. "Hii imevaa shati la mtu mwingine." Saa zilizokufa kabisa alizivunja, vipuri vikaponyesha nyingine. Nyumbani nilikuwa na kopo la biskuti lililotandikwa pamba kwa zile nzima, na mashine zisizo na maganda nilizihifadhi kwenye vichupa vya vidonge, kila kimoja na plasta imeandikwa ukubwa na idadi ya mawe. Mume wangu alikwisha kwenda zake kitambo, watoto wako Dodoma. Jumapili baada ya kanisa nilikaa na zile saa. Sikumwambia mtu kwamba zilinitosha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najilaumu mpaka leo.

Fundi alikuwa na kawaida ya kuandika tatizo la kila saa kwenye kikaratasi na kukifunga kwa uzi kwenye mkanda. "Inachelewa." "Imeingia maji." Alikuwa na mwandiko mzuri wa shule za zamani, herufi zimelala upande mmoja. Mwaka fulani mwandiko ule ukaanza kuwa mdogo. Ulianza sawa, kisha maneno yakasinyaa kuelekea mwisho wa mstari, mpaka ikawa kama sisimizi wamepita. Mimi nilimtania. Nilimwambia anabana wino.

Pia aliacha kucheka. Uso wake ukawa haubadiliki, nikiingia au nikitoka, nikimletea saa nzuri au takataka. Nilijiuliza nimemkosea nini. Siku moja chupa ya petroli ya kusafishia mashine ilipinduka ndani ya banda, mama wa cherehani akaja amejifunika pua kwa kanga, na fundi alikuwa amekaa tu, anashangaa kwa nini tunapiga kelele. Hakusikia harufu yoyote.

Na mkono wa kulia. Alipoupumzisha pajani ulikuwa ukitetemeka, kidole gumba kikisugua cha shahada. Akishika kibano, ulitulia. Kwa hiyo alijifunza kutoupumzisha. Muda wote alikuwa ameshika kitu, bisibisi, kitambaa, kikombe kitupu. Niliviona vyote hivi. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini. Nikienda Igogo nilikuwa naangalia saa zangu.

Saa ya shangazi ilihitaji kusafishwa, mafuta yalikuwa yamekauka. Nilimwachia. Nilirudi baada ya wiki mbili, nimetoka zamu ya asubuhi, nimechoka, siku hiyo wodini tulikuwa tumempoteza mama mmoja aliyekuwa akijifungua na nilikuwa sijamwambia mtu. Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Fundi aliponiona alitandaza kitambaa cheupe polepole mno, akaiweka saa juu yake, mfuniko wazi.

Ile kamani nyembamba ilikuwa imevurugika kama uzi wa cherehani uliokwama. Ekseli ya gurudumu lake ilikuwa imekatika.

"Nesi," alisema, "imenishinda."

"Imekushindaje? Si umeifungua mara ngapi hii?"

"Iliniponyoka."

"Ikakuponyoka na kamani ikajikunja hivi? Umeiangusha mara moja au umejaribu na kujaribu?"

Mikono ilikuwa chini ya meza.

Nikapandisha sauti. "Kama macho hayaoni na mikono haifanyi kazi, kwa nini unapokea vitu vya watu? Si ukae nyumbani? Hii ni saa ya marehemu! Utanipa nyingine wapi?"

Cherehani ya jirani ilinyamaza. Mmoja wa wale wateja alinyoosha mkono akachukua saa yake iliyokuwa imetundikwa ukutani na kikaratasi chake, akaiweka mfukoni.

"Samahani, nesi," fundi alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niinamie mezani kuisikia.

Nikaifunga saa kwenye karatasi na kuondoka. Sikupita Igogo kwa miezi mitano. Nikienda sokoni nilizunguka njia nyingine.

Katika mwezi huo wa tano tukalaza dereva mmoja mstaafu aliyevunjika nyonga. Daktari alikuwa akipita vitandani na wanafunzi wake, nami nimeshika mafaili. Akafunua shuka.

"Usimguse," akamwambia mwanafunzi. "Mwangalie mkono tu. Unafanya nini?"

Mkono wa yule dereva ulikuwa umelala juu ya godoro, kidole gumba kikisugua cha shahada, kama mtu anayeviringisha tonge dogo la ugali.

"Akiandika, mwandiko unasinyaa," daktari aliendelea. "Uso unakaza, watu wanadhani amekasirika. Wengi hupoteza harufu miaka kabla ya yote haya. Sista, umewahi kuwaona hawa wengi?"

Nilishika chuma cha kitanda. Nikasema ndiyo, nimewaona.

Mchana wa siku ileile nilikwenda Igogo. Banda lilikuwa limefungwa kwa kufuli geni, na mlangoni pamebandikwa tangazo la kijana atakayefungua duka la chaja na kava za simu. Mama wa cherehani alinitazama kwa muda kabla ya kuitikia salamu.

"Alirudi kwao Ukerewe," alisema.

"Lini?"

"Ulivyoondoka siku ile, alikaa mpaka jioni hajashika saa yoyote. Wiki iliyofuata akaanza kuwarudishia watu saa zao, mmoja mmoja. Wengine aliwafuata makwao. Mwisho akaniomba nimkunjie kile kitambaa chake cheupe, alikuwa anashindwa kukikunja." Akarudi kwenye kazi yake. Kisha akasema bila kuinua macho, "Ni vizuri umekuja. Lakini ulichelewa."

Nilipanda meli ya Nansio Jumamosi. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati, na magugu maji yamejaa pembezoni kama shamba. Kutoka Nansio nilichukua pikipiki hadi kijijini kwao, njia yote mihogo imeanikwa juu ya mawe. Mkewe alinipokea. Nilikuwa sijawahi kumwona. Mama mnene kidogo, mpole, alidhani nimetumwa na kanisa.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Amekonda. Kwenye mikono yote miwili palikuwa na chale mpya, mistari mitatumitatu, bado ina unga mweusi wa dawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nesi." Uso haukubadilika. Safari hii nilijua kwa nini.

Mkewe akaeleza kwamba wameambiwa kuna mtu wa mjini, mwenye wivu na kazi ya mume wake, amemfunga mikono. Wameombewa, wamechanjwa. Nikapiga magoti mbele ya kile kigoda, maana sikuweza kusema nikiwa nimesimama.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Maneno niliyokuambia hayakustahili."

"Ulisema kweli," alijibu. "Mikono haifanyi kazi."

"Hujafungwa na mtu. Ni ugonjwa. Uko kwenye ubongo, una jina lake, hospitali wanaujua."

"Unapona?"

"Hauponi. Una dawa ya kulegeza."

Mkono ulikuwa ukienda, kidole juu ya kidole, naye akiutazama kama wa mtu mwingine.

"Tangu lini mtu anaugua ubongo akatetemeka mkono?" mkewe aliuliza, si kwa ubishi, alitaka kujua.

Ilichukua ziara tatu kuwashawishi. Mwishowe walikuja Mwanza, daktari akamwona, akaanzishiwa vidonge. Baada ya wiki chache nilimkuta Ukerewe amejisogezea meza dirishani. Alikuwa amegundua kwamba akimeza kidonge, baada ya nusu saa mikono inamsikiliza, na inamsikiliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Katika muda huo alifanya kazi. Alimtengenezea katekista wa kwao saa yake. Mimi nilimpelekea mashine kutoka kwenye vile vichupa vyangu, tukazifungua pamoja. Alinipa kibano nishike, akaniambia nisipumue nikiinua gurudumu. Liliniponyoka likaruka mbali, tukalitafuta sakafuni, mkewe akalipata kwa ufagio. Alipolileta kwenye kiganja, fundi alitoa sauti fulani kifuani. Mkewe alisema anacheka.

Lakini saa ya shangazi alikataa kuigusa. Nilipoitoa kwenye mkoba alisema, "Hiyo usiniletee tena." Sikumlaumu. Niliipeleka kwa fundi mwingine mjini, kijana mchangamfu, akaniambia vipuri vyake havipatikani, ila anaweza kuitoa ile mashine yote na kunipachikia ya betri, nje itaonekana vilevile. Nikaichukua nikaondoka. Iko nyumbani, haitembei.

Vidonge nilikuwa nikivinunua Mwanza na kuvituma Ukerewe kupitia mhudumu mmoja wa meli. Mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, vilikosekana. Nilizunguka maduka ya dawa yote ninayoyajua, nikapiga simu Dodoma, nikapiga Dar es Salaam. Karibu wiki tatu. Nilimwambia mkewe agawanye vilivyobaki, ampe nusu nusu. Siku moja alfajiri fundi alitoka kwenda msalani peke yake, miguu ikagoma katikati ya uwanja, akaanguka ubavu juu ya jiwe. Walimpigia simu muuguzi wa kituo kidogo cha afya cha huko, akaja akakuta nyonga imevunjika. Mimi nilijua yatakayofuata, kwa sababu nimeyaona kwa wengine wengi. Kitanda, kidonda cha mgongo, kifua. Alifika Mwanza na kifua tayari kimejaa. Nilimhudumia mimi mwenyewe siku nne. Mapigo yake niliyahesabu kwa saa ya ukutani.

Siku ya tatu alikuwa na fahamu kidogo. Nikamuuliza anataka nini. Alisema anasikia kiu. Nililowanisha pamba nikampitishia midomoni. Sikupata neno lingine kutoka kwake.

Tulimzika kwao, kwenye udongo wenye changarawe, waimbaji wa kanisa wakiimba kwa Kikerewe. Mama wa cherehani alivuka ziwa kuja kuzika. Tulisalimiana vizuri.

Niliporudi kwa ajili ya arobaini, mkewe alinipeleka dirishani, kwenye ile meza. Vifaa vyake vilikuwa vimepangwa, bisibisi ndogo kwa kubwa. Alisema nivichukue, hakuna mtoto anayevitaka. Nilivikataa, akanibembeleza, nikavipokea. Kisha tukakaa nje tukamenya karanga. Alikuwa na jambo, nilimwona anasita.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa hospitali," alisema. "Kama tungejua mapema. Angepona?"

"Asingepona, mama. Lakini angeanza dawa mapema. Angefanya kazi miaka kadhaa zaidi pale Igogo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya. Nikaona nikinyamaza hapo nitakuwa nimemdanganya.

"Mimi niliona," nikasema. "Niliona mwandiko, niliona mkono, niliona hasikii harufu. Mwaka mzima na zaidi. Ndiyo kazi yangu kuona. Sikuona kwa sababu nilikuwa naangalia saa zangu. Kisha nikamtukana mbele za watu."

Aliyatoa maganda kwenye mapaja yake, akayakusanya kwenye ungo. Nilingoja aseme niondoke.

"Mimi nililala naye kitanda kimoja," alisema. "Alikuwa anarudi hapa kila mwisho wa mwezi, anatetemeka usiku, ananipiga mateke. Alimwaga uji, nikamkaripia. Nikamwambia anazeeka vibaya. Naye akanyamaza hivyohivyo kama alivyokunyamazia wewe."

Hakuna aliyemfariji mwenzake. Tulimaliza karanga zilizokuwepo, akaenda kuchungulia moto, akaniuliza kama nitalala au nitawahi meli. Nikamwambia nitalala.